Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa ya Kisumu na Western: watu wanaondoka na hamuoni

Kwa maaskofu, mapadre, mapasta, wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa, kuanzia Kisumu mpaka Siaya, Vihiga, Kakamega, Bungoma na Busia,

Bwana asifiwe. Na Tumsifu Yesu Kristo pia, juu hii barua si ya dhehebu moja.

Naandika nikiwa Manyatta hapa Kisumu. Mimi ni muumini, nimebatizwa, naimba kwaya mpaka leo na sina mpango wa kuhama. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua mtu akiwaandikia barua kama hii kitu cha kwanza mnauliza ni nani amemtuma. Hakuna. Kinachonisukuma ni kwamba nimekaa kwa hizo benchi tangu utotoni na naona vile watu wa rika yangu na wadogo wetu wanapungua, na kila nikigusia hilo jambo kwa mkutano naambiwa kanisa limejaa, si uangalie Pasaka.

Sawa, tuangalie. Sensa ya Agosti 2019 ilisema kwa kila Wakenya 100 karibu 85 ni Wakristo, na waliosema hawana dini kabisa walikuwa 755,750. Miaka kumi kabla ya hapo, 2009, walikuwa 922,128. Yaani kwa karatasi wasio na dini wamepungua, na hiyo namba nimeisikia ikisomwa kwa mahubiri kama ushuhuda watu wakapiga makofi. Lakini mnakumbuka sensa ilifanywa vipi. Karani alikuja nyumbani akauliza dini ya kila mtu kwa hiyo nyumba, na kwetu aliyejibu ni mama. Mama akasema sisi wote ni wa kanisa lake. Ndugu yangu ambaye hajaingia kanisani tangu amalize fomu foo akaandikwa pale, binamu yetu aliyekuwa amelala kwetu siku hiyo akaandikwa pale, na hakuna mtu aliulizwa mara ya mwisho kwenda ilikuwa lini. Hiyo 85 ni hesabu ya majibu ya akina mama wetu. Msiitegemee sana.

Mtu akitaka kujua hii njia inaelekea wapi aangalie Ayalandi, na sichagui hiyo nchi ovyo ovyo. Wamishenari wa Mill Hill walifika Kisumu 1903, wakiwemo Waholanzi, Waingereza na Wairishi, na baadaye pande za Nakuru na Kitale wakaja wale wa Kiltegan kutoka Ayalandi kwenyewe, kwa hivyo tunaongea juu ya watu walioleta hii imani mpaka mlangoni kwetu. Kwao sensa ya 1961 ilionyesha 95 kwa kila 100 ni Wakatoliki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya Wakatoliki 9 kati ya 10 walikuwa wanaenda misa kila wiki, kila wiki, hapa kwetu sijui kama kuna parokia inaweza kudai hivyo hata mwaka mzuri. Katiba yao ya 1937 ilikuwa inatambua nafasi ya pekee ya Kanisa Katoliki na hayo maneno yaliondolewa tu baada ya kura ya 1972. Kanisa lilishika shule, hospitali, nyumba za watoto, na mwanasiasa asingeweza kupinga askofu akalala usingizi.

Sensa yao ya 2022 Wakatoliki walikuwa 69 kwa 100, na wasio na dini 14. Na hao 69 ni wanaojiita tu, wanaoenda misa ni wachache zaidi sana. Leo kuna parokia kule zinahudumiwa na mapadre kutoka Afrika na India.

Kilitokea nini? Vitu vingi, sitaki kudanganya kwamba ni kimoja, pesa ziliingia nchini, wasichana wakasoma, watu wakahamia miji. Lakini ukisoma wale waliokuwa pale wanarudi kila mara kwa kitu kimoja, kwamba waligundua viongozi walijua na wakanyamaza. Ripoti mbili zilitoka 2009, ya Ryan kuhusu yale yaliyofanyiwa watoto kwa shule na makao yaliyoendeshwa na mashirika ya kanisa, na ya Murphy kuhusu jimbo kuu la Dublin, na ile ya pili ilionyesha wazi kwamba maaskofu walilinda jina la kanisa kuliko watoto. Hakuna kitabu kilichokuja kuwaambia Wairishi hakuna Mungu. Waliacha kuamini watu waliokuwa wanaongea kwa niaba yake. Polandi nako, nchi ya Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe, kanisa lilikaa karibu sana na chama tawala, na kati ya sensa ya 2011 na ya 2021 Wakatoliki walitoka karibu 88 wakafika 71 kwa kila 100. Miaka kumi tu!

Najua jibu linalokuja. Mtasema ni elimu, ni chuo kikuu, ni simu, ni TikTok. Hata wasomi walifikiria hivyo. Peter Berger, mmoja wa wakubwa wa sosholojia ya dini, mwaka 1968 alitabiri kwamba kufikia karne hii ya 21 waumini watabaki vikundi vidogo vidogo vimejikunyata, na miaka ya tisini akatangaza mwenyewe kwamba alikosea juu dunia ilikuwa bado na dini kama zamani. Kwa hivyo kusoma peke yake hakuui imani. Nina marafiki madaktari wanakesha kwa maombi na nina marafiki hawakumaliza darasa la nane hawataki kusikia habari ya kanisa.

Na hawa vijana ninaowaongelea si wakana Mungu, hilo naomba mlielewe vizuri. Pita steji ya boda Kondele usome kilichoandikwa nyuma ya pikipiki, ni Mungu mbele, ni Nyasaye ber, yaani Mungu ni mwema kwa Kijaluo, ni mistari ya Zaburi. Wanaomba kabla ya intaviu, wanaomba mtoto akilazwa Russia, ile hospitali kubwa ya hapa Kisumu, wanasikiliza mahubiri kwa simu saa tano usiku. Grace Davie, msomi wa Uingereza, aliandika mwaka 1994 kwamba kwao watu wanaweza kuendelea kuamini bila kuwa wa kanisa lolote, na nikisoma hayo naona Manyatta kabisa. Lakini kuna mwenzake David Voas aliyefuatilia familia za Uingereza akaonyesha mambo yanaishia wapi: wazazi wote wawili wakiwa watu wa dini, mtoto kuendelea nayo ni kama nusu kwa nusu, mzazi mmoja akiwa wa dini inakuwa nusu ya hiyo, na wazazi wote wasipokuwa nayo karibu hakuna kinachovuka. Kwa hivyo imani haikufa ndani ya mtu mmoja pale, ilikosa kuvuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kizazi baada ya kizazi, polepole hadi kwa sensa ya 2021 Wakristo wa England na Wales wakawa 46 kwa 100, chini ya nusu. Huyu ndugu yangu bado anasema Mungu mbele kwa sababu mama alimfundisha. Yeye atamfundisha mtoto wake nini, na wapi? Hilo ndilo linaninyima amani.

Halafu nyinyi mnajua kuliko mtu yeyote kwamba hapa kwetu watu kuondoka kanisani si jambo geni. Hii Nyanza na Western ndiyo nyumba ya walioondoka! Johana Owalo aliacha wamishenari akaanzisha Nomiya Luo hata kabla vita ya kwanza ya dunia iishe. Zakayo Kivuli akatoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori mwaka 1942 akaanzisha African Israel Church Nineveh. Elijah Masinde alitoka kwa kanisa la Friends, wale Quaker, akaja na Dini ya Msambwa na serikali ya mkoloni ikamfunga. Mwaka 1963 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, mwanamke kijana kabisa, wakaongoza maelfu ya Wakatoliki kutoka na ikawa Legio Maria. Kila mmoja alikuwa na malalamiko yake, wengine hawakutaka kutawaliwa na mzungu, wengine walitaka roho na uponyaji, wengine walikataliwa juu ya wake wengi. Lakini oneni kitu hiki: wote walipotoka walijenga. Walishona kanzu zao, wakatunga nyimbo zao, wakatembea barabarani na ngoma na bendera Jumapili mpaka leo tunawapisha. Walikasirikia kanisa kwa sababu walilitaka.

Wa leo hatoki na watu. Hatungi wimbo. Anaacha kuja, basi, na Jumapili anafua nguo, anaenda Dunga kula samaki na marafiki, anaangalia mpira. Mtu kama huyo hawezi kuwasumbua kwa sinodi, hakuna barua ya kujiuzulu kwa sababu hakuna mahali pa kuipeleka. Ndiyo maana hamumuoni. Mwaka 2020 makanisa yalipofungwa kwa korona, na yakafunguliwa Julai kwa watu 100 tu, saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 na bila wazee wa zaidi ya 58, wengi wetu tulizoea ibada ya laivu kwa Facebook. Wazee walirudi wakikimbia walipokubaliwa. Rika yangu wengine hawakurudi hadi leo, na kwetu sijasikia mtu amepigiwa simu kuulizwa, uko wapi siku hizi?

Simu mnayopiga ni ya zaka. Na hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu juu ndipo panauma.

Binamu yangu alikuwa fundi wa simu hapa mjini, alikufa kwa ajali ya barabara ya Busia. Mwili ukakaa mochari, tukafungua grupu ya WhatsApp ya mchango, kawaida yetu. Siku mbili kabla ya mazishi wazee wa kanisa la kwao wakaja nyumbani, upande wa Yala, wakakaa chini ya mwembe kwa viti vya plastiki, wakaletewa chai. Mama mkubwa akatoka ndani na mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na cheti cha ubatizo cha marehemu na kadi yake yeye mwenyewe mama ya zaka, imegongwa muhuri Januari mpaka Desemba, hakuna mwezi ameruka, mama anayeuza omena. Mzee akaiangalia, akaisifu, akairudisha, akasema sasa tunaomba ya kijana. Hakukuwa na ya kijana. Wakaanza kupiga hesabu, tangu alipofikisha miaka 18, kila mwezi kiasi fulani, na wajomba wakaanza kubembeleza ipunguzwe kama watu wako sokoni wananunua mbuzi, mwili wa mtoto ukiwa bado kwa baridi. Mwishowe ikakubaliwa kiasi, ikatumwa kwa M-Pesa kutoka kwa ile ile pesa ya mchango wa jeneza. Mweka hazina akaandika risiti. Niliisoma kwa macho yangu, kwa ile laini ya maelezo imeandikwa: zaka, marehemu.

Na hata baada ya hapo walisema mwili hautaingia kanisani, ibada itafanyiwa nyumbani na iwe fupi, kwa sababu hakuwa mshiriki hai. Vijana wenzake wa mjini waliokuwa wamekuja na matatu mbili walisikia yote, walikuwa wamesimama pale pale wakifunga tenti. Hakuna aliyepiga kelele. Walibeba jeneza, wakachimba, wakazika, wakarudi Kisumu. Nawajua karibu wote kwa majina, na hakuna hata mmoja nimemuona kanisani tena isipokuwa mazishi. Mtu akiwauliza mbona hawaendi hawataji Darwin.

Sitaji kanisa lenyewe kwa sababu msomaji wa Kakamega atasema ni letu, na wa Homa Bay atasema ni letu. Najua utetezi wake. Mnasema nidhamu, mnasema kanisa si mochari, mtu hawezi kulikimbia maisha yake yote halafu aletwe kwa jeneza. Naelewa hiyo hoja na kuna upande wake ina haki. Jumuiya ndogo ndogo ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizipitisha miaka ya 1970 zilikuwa na maana kwamba majirani wajuane, wasomeane Neno, mgonjwa atembelewe. Kama huyo kijana angetembelewa hata mara moja akiwa hai mngekuwa na haki ya kuuliza alikuwa wapi. Kumtafuta mara ya kwanza akiwa maiti, na kwa sababu ya madeni, hapo hakuna nidhamu yoyote, na waliosimama wakiangalia wanaelewa hivyo.

Sasa mkiweka hiyo kadi ya mama anayeuza omena kando ya bahasha ya mheshimiwa, mtaona kwa nini watu wamechoka. Huyu anaulizwa muhuri wa kila mwezi, yule anakuja mara moja kabla ya uchaguzi, anapewa kiti cha mbele na maiki, na hakuna anayeuliza pesa imetoka wapi. Na msiniambie haiwezekani kukataa, imewezekana, na imewezekana hapa hapa. Butere, Septemba 2021, siku Rose Okeno anawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwanamke wa dayosisi katika Kanisa la Kianglikana Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa wote nafasi ya kuongea, na Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwa wamekaa pale. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo, ambaye alikuwa wetu Kisumu kabla ya kwenda Nairobi, akaagiza pesa ambazo Rais alitoa kwa parokia ya Soweto, Nairobi, irudishwe. Siku chache kabla yake maaskofu Wakatoliki, na mwenyekiti wao ni Askofu Mkuu wetu wa Kisumu Maurice Muhatia, walikuwa wameikosoa serikali bila kumung'unya maneno. Nawaambia ukweli, wiki ile niliona vijana ambao hawajaniuliza habari ya kanisa kwa miaka wakiposti picha ya askofu. Wakiposti kwa heshima! Kisha Machi 2025 kanisa moja la Roysambu, Nairobi, likaahidiwa na Rais shilingi milioni 20, na Jumapili iliyofuata vijana wakaandamana hapo nje, polisi wakarusha vitoa machozi karibu na nyumba ya Mungu.

Hizo picha mbili ndizo mtoto wa miaka kumi na sita anazo kwa simu. Mnachagua nyinyi ni gani ataiamini.

Kuna hili la maswali pia. Baada ya Shakahola mwaka 2023, zaidi ya miili 400 kutoka msitu mmoja Kilifi, watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe, sisi vijana tuliomba kwetu tufanyiwe kikao, tuulize wazi wazi, tutajuaje mhubiri anatupoteza, kwa nini Mungu aliacha watoto wafe na njaa. Tuliambiwa tuombe na tufunge. Tufunge, baada ya Shakahola! Aliyesema hivyo hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka na hakuwa na jibu, lakini angesema tu hana jibu tungekaa naye usiku mzima. Mapasta wengi mnaogopa swali kana kwamba Mungu ataanguka. Wapentekoste, Wakatoliki, Anglikana, Sabato, Friends, nimeuliza wenzangu wa makanisa hayo yote na hadithi ni ile ile. Na kijana akikosa pa kuuliza kwenu ataenda kwa nabii wa TikTok ambaye ana jibu la kila kitu na namba ya kutuma mbegu.

Ninachoomba ni haya. Toeni mambo ya zaka kwa mazishi, kabisa, mtu akifa kadi isiulizwe, na kama kuna dayosisi au kanisa linaona haliwezi basi liandike hiyo sheria ukutani pale mlangoni kila mtu aisome akiwa hai. Someni hesabu ya kanisa mbele ya watu, zaka, harambee, bahasha ya mheshimiwa na jina lake, si kwa kamati peke yake. Maiki ya madhabahuni isipewe mwanasiasa, kuanzia sasa kabla uchaguzi wa 2027 haujawachanganya akili, na hapa wale wa Butere wanaweza kuwafundisha wengine. Na mtupe hata Jumapili moja kwa mwezi baada ya ibada ya kuuliza chochote bila mtu kuandikwa jina.

Sitaki kuwadanganya kwamba mkifanya hivyo wote watarudi. Wengine wameshaenda na maisha yao yako sawa, na Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, cha 32 kinampa kila mtu uhuru wake wa kuamini au kutoamini, na mimi naiheshimu hiyo. Naongea juu ya wale ambao bado wako mlangoni, mguu mmoja ndani.

Grupu yetu ya vijana ya Manyatta imeandika maswali yake tayari, kurasa nne, mengine ni magumu na mengine yatawakasirisha. Tuko tayari kuja ofisi yoyote, ya dhehebu lolote, Jumamosi yoyote mtakayotupa. Nauli tutajitafutia.

Wenu katika Kristo,
Mwanakwaya, Manyatta, Kisumu